Usilitoe Mpaka Nirudi

Mapenzi mengine huanza kwa jicho, mengine kwa namba ya simu iliyokosewa. Haya yalianza kwa chai ya moto kumwagikia mtu asiyelowa.

Ilikuwa mchana, mtaa wa wauza vyuma, saa ile ambayo fundi bomba, fundi umeme na yule anayejiita fundi kwa sababu ana bisibisi wote wanagombea benchi moja kwenye kibanda cha chai. Koki alisimama kwa mguu mmoja, maana wa pili haukupata pa kukanyaga. Mkono wa kushoto ulishika gasketi ya mpira, duara jeusi la kuzibia maungio ya bomba, ndiyo kwanza ametoka kuinunua. Wa kulia, glasi ya chai. Jina la Koki alipewa na wateja, kwa sababu alikuwa fundi wa pampu, na pia kwa sababu mdomo wake ukifunguka haufungi vizuri. Chuo alikiacha mwaka wa tatu. Alitoka na nusu ya uhandisi na utani wote wa bwenini, mzima, haujapungua hata punje.

Mtu akampiga kikumbo. Chai ikaruka, ikamtua mgongoni dada aliyekuwa mbele yake.

Gauni la rangi ya maziwa, limekaa kiunoni na kufunguka chini kama kengele, mkanda mwembamba wa bluu, viatu vya bluu vilevile. Koki alifumba jicho moja akisubiri kelele. Kelele haikuja. Chai ilipogonga gauni ilijikunja vidonge vidonge, ikaporomoka kama shanga zilizokatika uzi, ikaishia kwenye viatu vyake yeye mwenyewe. Gauni safi. Hata doa la kusingiziwa halikuwepo.

"Dada, samahani sa..." Koki akakwama. "Dada, wewe ni mtu kweli?"

Yule dada akageuka, akatazama viatu vyake. "Pole. Umejimwagia chai."

"Nimekumwagia wewe!"

"Mbona umelowa wewe?"

Benchi zima likacheka. Koki, aliyezoea kuchekesha, akajikuta anachekwa, na akaona raha yake.

"Gauni lako limekataa chai yangu."

"Lina haki. Umenunua ya rangi, haina hata tangawizi." Akakung'uta mkanda ingawa hapakuwa na cha kukung'uta. "Nimelipulizia dawa. Ndiyo kazi yangu, kupaka vitu visishikwe na maji. Kazini wananiita Matone."

"Kazini wapi?"

"Maabara ya maji, nyuma ya chuo cha ufundi."

"Ile yenye bomba linalopiga mluzi?" Koki akainua gasketi juu kwa fahari. "Basi mimi ndiye daktari wake. Nimeitwa kulinyamazisha."

Kicheko kikamtoweka Matone usoni kama taa iliyozimwa. Aliitazama ile gasketi jinsi mgonjwa anavyotazama sindano.

"Njoo," alisema hatimaye. "Pampu ina mambo mengine ya kutengeneza. Ila hiyo iache mfukoni."

*

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye ubaridi wa mtungini. Katikati palipita mfereji wa vioo, mrefu kama gari la mizigo, maji yakizunguka humo kwa nguvu ya pampu. Ukutani palikuwa na msumari, na kwenye msumari koti jeupe la mtu mrefu sana. Chini yake stuli iliyopandishwa juu mpaka mwisho, ambayo hakuna aliyeikalia. Na dirishani, tangi dogo la kioo lenye maji yaliyotulia, ndani yake bamba la chuma saizi ya daftari. Bamba lile liling'aa fedha. Lilimulika chumba chote kama kioo cha kinyozi.

Mlinzi wa mlangoni, mzee mwenye redio isiyo na betri, alimvuta Koki pembeni siku hiyohiyo.

"Kijana, stuli ile usiikalie."

"Ina mguu mbovu?"

"Ina mwenyewe." Akanong'ona. "Na bomba likipiga mluzi, usiitikie."

Kwa Koki, kuambiwa hivyo ni sawa na kualikwa. Siku ya pili akajipenyeza nyuma ya mfereji, akaweka mdomo kwenye bomba la wazi, akapiga mluzi mrefu wa huzuni. Mlinzi alitoka mbio na kiti chake kikiwa bado kimemng'ang'ania nyuma. Matone alicheka mpaka akashika meza. Halafu, akiwa bado ameishika, akaanza kulia.

"Nini tena? Matone? Mimi nilikuwa natania tu."

"Najua. Ni vile umeupatia. Alikuwa anapiga hivyohivyo."

Ndipo alipomweleza. Koti ni la Mrefu. Stuli ni ya Mrefu. Mrefu alikuwa mfanyakazi mwenzake na mchumba wake, na alikuwa na mluzi wa kufikiria: akikwama kwenye hesabu, anapiga mluzi hadi ifunguke. Mchana mmoja alimaliza kulipaka lile bamba, akalizamisha kwenye tangi mwenyewe, akasema, "Usilitoe mpaka nirudi." Alikuwa anakwenda kununua mkate. Lori lilikuwa linarudi nyuma bila kutazama.

"Sijalitoa," alisema Matone.

Koki akanyoosha kidole kwenye bamba.

"Na huo mng'ao?"

"Ni hewa." Alimsogeza karibu na kioo, bega kwa bega. "Dawa yetu inaacha vimiba, miiba midogo ambayo macho hayaioni. Maji yakija yanakaa juu ya ncha zake, chini inabaki hewa, utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ndiyo inayong'aa. Maji yanateleza juu ya hewa badala ya kukwaruzana na chuma. Fikiria kivuko kizima kikipakwa: kitakunywa mafuta kidogo. Fikiria mabomba ya mji."

"Na hewa hii..."

"Ni ya siku ile. Ya chumba hiki, yeye akiwa ndani yake anapumua."

Koki alijiona kwenye bamba: kichwa chake, shingo yake, na nyuma ya bega lake mtu mrefu mweupe amesimama. Akageuka haraka. Lilikuwa koti. Alijua ni koti. Lakini siku ile alipotoka, alitoka kinyumenyume.

*

Pampu ilipona mapema, Koki akawa anagundua magonjwa mapya kila siku ili asifukuzwe. Matone alimpa kazi ya kumwendeshea mfereji wakati yeye anapima mabamba mengine. Bamba linaingizwa ndani ya mkondo, mizani inaonyesha maji yanalivuta kwa nguvu gani.

"Anza taratibu," Matone aliagiza.

Maji yakapita kwa adabu. Bamba likang'aa, sindano ya mizani ikashuka.

"Ongeza."

Maji yakaanza kujisokota, yakaota vimbunga vidogo vya kugombana vyenyewe kwa vyenyewe. Sindano bado chini.

"Tazama vizuri sasa. Ongeza."

Bomba likaanza kupiga mluzi. Mkondo ukawa kama watu wanaogombea mlango. Ghafla mng'ao ukachunika kuanzia mbele, ukaenda nyuma, bamba likabaki jeusi. Sindano ikapanda, ikapita hata pale ilipokuwa bamba tupu la chuma.

"Eh! Limekuwa baya kuliko lisilopakwa?"

"Hewa ikitoka, vile vimiba vinabaki uchi, vinayakwaruza maji." Matone alifuta kioo kwa kiganja. "Likizimika, bora lisingepakwa kabisa."

Koki alimtazama na kuona hasemi habari za chuma peke yake.

Lakini mapenzi hayasomi majaribio. Yalikuja na simu za mchana.

"Halo, laazizi."

"Laazizi wako yuko kazini. Unaongea na mpakaji dawa."

"Mwambie mpakaji dawa, mimi nateleza kwake kila siku, anipunguzie dozi."

Halafu Koki angeuliza, "Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Nalisikia tumbo lako kutoka huku."

Basi Koki angekuja na mkate wa kitunguu umefungwa kwenye karatasi ya fedha, wakala kwenye dirisha, karibu na tangi, wamekaa kwenye ndoo mbili zilizofunikwa. Stuli ikawatazama kutoka juu. Siku Matone alipomwegemea begani kwa mara ya kwanza, bomba lilipiga mluzi mfupi, pampu ikiwa imezimwa.

"Maji yanarudi kwenye bomba," alisema Koki haraka. "Ile gasketi iliyochakaa. Ningeibadilisha kwa dakika chache tu."

"Iache."

"Matone..."

"Nimesema iache, mpenzi."

Neno mpenzi lilikuwa tamu. Lakini alilisema akitazama koti.

Jioni Koki alimweleza shangazi yake, aliyemlea tangu utotoni, huku shangazi akimenya viazi kama anayevidai deni.

"Mjane?"

"Hawakufika kuoana, shangazi."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Mjane amegombana na mumewe, anazijua kasoro zake. Mchumba aliyekufa hajawahi kuacha soksi sebuleni. Utashindana naye vipi, mwanangu?"

"Sishindani."

"Unashindana. Juzi umenunua viatu vya kisigino."

*

Kisha mama yake Matone akapangiwa upasuaji wa jicho, mji mwingine, na Matone akaenda kumuuguza kwa wiki moja. Kituoni, begi begani, kitambaa cha bluu kichwani, alimpa Koki ufunguo.

"Maji ya tangi yanapungua, yaongeze. Lisikauke tu. Umesikia? Kila kitu taniana nacho, hilo usitanie."

"Naapa."

"Umeapa mara ngapi wewe?"

"Hii ni ya kweli. Nyingine zilikuwa mazoezi."

Koki alikuja kila siku, akafagia, akapiga simu kutoa taarifa ("Mgonjwa wako anang'aa, na wa huko vipi?"), mpaka siku moja akaona utelezi wa kijani unapanda kwenye kioo cha tangi, unanyemelea bamba. Uchafu! Na amekabidhiwa yeye! Akawaza kama shangazi alivyomlea: maji yasiyochemshwa ni ugonjwa unaosubiri zamu. Akachemsha sufuria kubwa kwenye jiko la maabara, yakatokota, akayafunika kifuniko yasiingie hata vumbi, yakapoa. Kisha, kwa mpira mwembamba, akayanyonya maji ya zamani na kuingiza mapya kwa upole wa mtu anayembadilisha mtoto aliyelala. Bamba halikuona upepo hata kidogo. Akasugua kioo. Akajipongeza. Akaenda nyumbani akiimba.

Asubuhi alipofungua mlango, bamba lilikuwa jeusi.

Alisogea. Akazunguka upande wa pili. Akainama, akainuka. Jeusi tii, kama jino bovu. Hakuna aliyemtazama kutoka ndani, wala yeye mwenyewe. Chumba kilikuwa kimya namna ambayo hakijawahi kuwa kimya, kimya cha mtu aliyeondoka bila kuaga.

Na Matone alikuwa njiani, anafika mchana ule.

Mtu mwenye akili timamu angepiga simu. Lakini Koki alikuwa amejifunza jambo moja tu la kufanya akiogopa. Kwenye meza palikuwa na karatasi ya fedha ya mkate wa jana. Akainyoosha kwa kucha, akaipachika nyuma ya tangi, upande wa dirishani. Kwa mbali, iling'aa. Nitamwambia, alijisemea. Akishakaa. Akishakunywa maji. Taratibu.

Matone alikuja moja kwa moja kutoka kituoni, begi bado begani. Hakumsalimia Koki kwanza. Aliinama kwenye tangi, na sura yake ikamrudia imekunjamana. Akanyoosha mkono, akaichomoa karatasi. Ilinukia kitunguu.

"Matone, nisikilize."

"Umelitoa."

"Sijalitoa!"

"Umelitoa, ukalichezea, halafu ukaniwekea karatasi ya mkate." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. "Hiki ni kichekesho? Nicheke wapi?"

"Naapa kwa..."

"Usiape. Kituoni uliapa, ukasema hiyo ndiyo ya kweli." Alinyoosha kiganja. "Ufunguo."

Alimpa. Mlinzi mlangoni alimtazama anavyopita akiwa na mikono mitupu, akatikisa kichwa.

"Nilikwambia ina mwenyewe," alisema.

*

Simu zikalia bila kupokelewa. Ujumbe ukasomwa, haukujibiwa. Koki akaacha kuchekesha watu, na wateja wakadhani anaumwa. Usiku aliota koti limesimama mlangoni, halisemi kitu, limeshika mkate.

Asubuhi moja alikaa jikoni kwa shangazi akitazama sufuria isiyochemka. Viputo vidogo vilikuwa vimeshika ukuta wa sufuria ndani, kama umande. Maji yalikuwa vuguvugu tu.

"Shangazi, hivi viputo vinatoka wapi? Hayajachemka."

"Mimi nitajua wapi? Vinatoka majini."

"Ni hewa," Koki alisema. Akasimama. Mwaka wa pili, kabla hajaacha chuo, mwalimu aliwahi kuwaambia: samaki ukimtia kwenye maji yaliyochemshwa, anakosa pumzi. Maji yametoa hewa yote. Yakipoa yamefunikwa, yanakuwa na njaa. "Shangazi! Ni hewa! Maji yangu yalikuwa na njaa!"

"Na wewe una kichaa," shangazi alisema, lakini alimpa simu yake, maana ya Koki haikuwa na chaji.

Alirekodi sauti, pumzi juu juu.

"Matone, ni mimi, hii ni namba ya shangazi. Sikulitoa. Niliona kijani kwenye kioo, nikachemsha maji, nikayafunika, nikabadilisha. Nilidhani nayasafisha. Yaliinywa ile hewa, Matone. Yote. Ni mimi niliyeimaliza, lakini kwa usafi, si kwa utani. Karatasi ni uoga wangu. Na kuna kingine, nakwambia kwa sababu hata hivyo umeshanichukia. Nilipoliona limezimika, kabla sijaogopa, nilifurahi. Kidogo tu, kama mtu anayekohoa. Nikajua nina wivu na maiti. Samahani. Kwako, na kwake pia."

Shangazi alikuwa amesimama na mwiko. "Hilo la mwisho ungeliacha," alisema.

"Ndilo la kweli."

"Ndiyo maana ungeliacha."

Simu ikalia palepale. Shangazi akapokea, akasikiliza, akampa Koki.

"Ulichemsha?" Sauti ya Matone ilikuwa ya ajabu, kati ya kulia na kitu kingine.

"Sufuria nzima."

"Ukafunika?"

"Kifuniko na taulo juu."

"Mungu wangu, Koki. Hata ungeambiwa uliue usingefanya vizuri zaidi. Njoo maabara. Njoo sasa."

*

Jua la asubuhi lilikuwa dirishani. Matone alivaa gauni lile la rangi ya maziwa, na mikono ameikunja. Tangi lilikuwa mbele yake, bamba jeusi ndani.

"Kaa," alisema. Koki akakaa kwenye ndoo. "Nikwambie na mimi la kweli. Hewa haikai. Hata kwenye maji yaliyotulia, inatoka kidogo, nyingine inaingia. Bamba linavuta, maji yanavuta, chumba kinavuta. Ile ya siku ile iliondoka zamani. Labda kabla udongo wa kaburi haujakauka."

"Ulijua?"

"Nimeisomea! Naifundisha! Nikifika kwenye tangi hili najifanya sijui."

"Sasa ile iliyokuwa inang'aa ilikuwa ya nani?"

"Ya chumba. Yangu. Ya mlinzi anapokuja kuazima betri." Midomo ikamtetemeka, na Koki hakujua inaelekea kucheka au kulia. "Yako wewe na mikate yako ya kitunguu. Nilikuwa napiga magoti mbele ya kitunguu, Koki."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kwikwi, lakini kilikuwa cha watu wawili.

"Alisema usilitoe mpaka nirudi," Matone alisema baada ya kujifuta. "Ningelitoa, ningekuwa nimesema harudi."

Aliingiza mikono ndani ya tangi, mpaka kwenye viwiko, gauni likakataa maji kama kawaida yake. Alilishika bamba kingo mbili. Akakaa hivyo muda mrefu, mikono majini. Koki hakumsaidia. Kuna mizigo ambayo ukimpokea mtu unamwibia.

Akalitoa.

Maji yaliyojishika kwenye vimiba yalichelewa kuachia. Akaliegemeza dirishani, jua likalipiga, wakalitazama likikauka kama watu wanaotazama mtoto akiamka. Lilipokauka, Matone alidondoshea tone moja la maji. Tone likajikunja, likazunguka, likakimbia, likaanguka sakafuni.

"Bado liko sawa," alinong'ona. "Mwenyewe hakuwahi kuliona likikimbia. Alilitengeneza kwa ajili ya mkondo, mimi nimelifuga kwenye tangi. Koki, washa pampu."

Likaingia kwenye mfereji kama sarafu. Fedha tupu.

"Taratibu."

Sindano ikashuka.

"Ongeza. Ongeza tena."

Maji yakajisokota, yakapiga, yakanyonya. Bamba liling'aa. Bomba likaanza mluzi, ule mrefu, wa mtu aliyekwama kwenye hesabu. Hapo ndipo mabamba mengine yote yalikuwa yanazimika. Hili halikuzimika. Matone alikuwa ameweka viganja kwenye kioo, machozi yanashuka hadi kidevuni, kwenye gauni yakawa shanga, yakaanguka.

"Ongeza."

"Tumekaribia mwisho wa pampu, kipenzi."

"Basi mpe mwisho."

Koki akafungua yote. Sakafu ikatetemeka. Mluzi ukapanda, ukapanda, ukawa mwembamba kama uzi, na mng'ao ukaanza kuondoka: kwanza ncha ya mbele, halafu katikati, polepole, kama mtu anayefunga pazia za nyumba chumba baada ya chumba. Ulipofika nyuma, mluzi ukakatika. Pampu ilikuwa bado inanguruma.

Mlangoni, mlinzi alikuwa amevua kofia.

"Zima," Matone alisema mwishowe. "Tulitoe, tulikaushe. Kesho tunalirudisha. Linazimika, unalitoa, unalikausha, linang'aa tena. Ndivyo yalivyo haya mabamba. Mimi ndiye niliyekuwa sitaki kesho yake."

Walilikausha, wakalizamisha tena kwenye tangi, kwenye maji ya bomba ya kawaida, yasiyochemshwa na mtu. Mng'ao ukarudi. Matone akaliondoa koti msumarini, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye begi lake. Stuli akaishusha, ikalia mkwaruzo wa kutu, akaikalia.

Koki alikuwa amesimama, mikono haijui pa kwenda. Mmoja ukaenda mfukoni, ukakuta kitu cha duara.

"Matone. Mimi nyumba yangu ina shangazi, na soksi sebuleni. Sijamaliza chuo. Nikiogopa nafanya mzaha, umeona. Lakini nataka niwe mtu wa kukukaushia kila likizimika. Sina pete."

"Hiyo mkononi ni nini?"

"Gasketi."

"Leta." Haikukaa kidoleni, ilikuwa kubwa. Akaipitisha kwenye kiganja, ikatulia kwenye mkono wake, nyeusi dhidi ya gauni la maziwa, kama bangili ya mtu mwenye pesa. Akaigeuza huku na huku. "Imenienea."

"Na bomba? Litaendelea kupiga mluzi."

"Lipige. Mtu akipita kwake hapigi hodi, hupiga mluzi."

Akaruka kutoka kwenye stuli, akatoka nje kumpigia mama yake, sauti ikimtangulia: "Mama, kaa chini. Umekaa? Lile jicho jipya linaona vizuri? Basi jiandae kuona fundi."

Koki alibaki kufunga vali. Alipopita dirishani alijiona kwenye bamba: kichwa chake, shingo yake, meno yote nje kama mjinga. Na nyuma ya bega lake, mtu mrefu mweupe.

Msumari ulikuwa mtupu. Koti lilikuwa begini. Koki hakugeuka.

Alisogea hatua moja pembeni, kumpisha.